Anayefunzwa ushonaji kiwandani atoke akiijua nguo nzima

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mafunzo ya ushonaji ambayo Serikali inayagharamia kwa kushirikiana na viwanda vya nguo. Mimi ni fundi cherehani, nina karakana ndogo hapa Manzese, na vijana waliopitia vyuoni na viwandani huja kwangu kutafuta kazi. Matokeo ya mafunzo yao nayaona mezani.

Mpango wenyewe nauunga mkono. Ofisi ya Waziri Mkuu ilipoanza kupeleka vijana wajifunze ndani ya viwanda, kama kile cha Tooku pale Mabibo, ilifanya jambo la maana. Kijana wa chuoni mara nyingi amezoea cherehani cha kukanyaga kwa miguu. Mashine ya kiwandani yenye mota hupiga hata mishono 5,000 kwa dakika; asiyeizoea akikanyaga tu, kitambaa kinamkimbia na mshono unakwenda kombo. Chuo kuwa na mashine kama hizo za kutosha, pamoja na ovaloki za kufunga kingo za kitambaa na zile za kutoboa matundu ya vifungo, ni gharama kubwa. Viwanda vinazo tayari. Ni haki kijana apelekwe zilipo.

Shida inaanza akishafika. Kiwandani suruali moja hupita kwenye mikono ya watu wengi, kila mmoja na kipande chake: huyu zipu, yule mkanda wa kiuno, mwingine pindo. Mgeni huwekwa sehemu moja, akishaizoea anaachwa hapohapo kwa sababu oda inasubiri. Alikuja kwangu binti mmoja aliyetoka kiwandani. Mfuko wa nyuma wa jinzi alikuwa anaubandika upesi kuliko fundi wangu yeyote, bila pini wala chaki, na mistari yote miwili ya uzi imenyooka. Nikampa kitambaa na futikamba, nikamwomba akate sketi ya kawaida. Alisimama ameshika mkasi. Hakuwahi kumpima mtu. Hata mkono wa shati hakujua unaingizwaje begani, maana kazi hiyo ilifanyika laini nyingine, yaani safu nyingine ya mashine. Binti ana akili na ana bidii. Waliomfundisha ndio waliomkatia njiani.

Oda zikipungua kiwandani, mtu kama huyo anarudi mtaani na ujuzi ambao hakuna mteja anayeweza kuununua. Hakuna anayeleta mfuko mtupu kushonewa.

Najua wenye viwanda wanavyosema: nikimfundisha kila kitu, kesho ataondoka. Ni kweli, baadhi wataondoka. Lakini tutazame Bangladesh. Mwaka 1979 kampuni ya nguo ya huko, Desh, ilipeleka watu wake 130 Korea Kusini wakajifunze kwa kampuni ya Daewoo, na walifundishwa kazi kwa upana wake, hadi ukaguzi wa ubora na uendeshaji wa kiwanda. Miaka michache baadaye wengi wao walikuwa wamekwishaiacha Desh, wengine wakafungua viwanda vyao. Leo Bangladesh ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa nguo duniani. Kampuni moja ilipoteza watu, nchi ikapata sekta. Sisi tunaolima pamba na kuisafirisha kwa wingi ikiwa bado ghafi, tungepaswa kuutamani upotevu wa namna hiyo.

Tena kwetu mzigo haubebwi na kiwanda peke yake. Kuna tozo ya kuendeleza ujuzi wanayolipa waajiri, ile SDL, ambayo mwaka 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara. Fedha hizo zina kazi yake kisheria. Serikali inapolipia mafunzo ya kijana kiwandani inanunua kitu, na mnunuzi ana haki ya kusema anataka nini.

Ninachoomba kiandikwe kwenye mikataba ni hiki. Kila mwanagenzi azungushwe laini zote, kuanzia meza ya kukatia hadi pasi na ukaguzi, kwa ratiba ambayo VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inaweza kuja kuikagua bila taarifa. Mtihani wa mwisho usiwe wa kasi ya kipande kimoja. Apewe kitambaa na vipimo vya mtu, atoe shati lenye kola, lisani ya vifungo na vikofi vya mikono, au suruali yenye zipu. Na mtahini mmoja awe fundi wa kiwandani, mwingine mwalimu wa chuo, kwa sababu wa kwanza anaujua mshono unaokubalika sokoni na wa pili anajua mwanafunzi alipaswa kufundishwa nini.

Waliokwisha kukwama kwenye kipande kimoja wasiachwe. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunzia kazini. Uongezewe kozi fupi za jioni za kupima na kukata, karibu na viwanda, mtu akitoka zamu aingie darasani. Karakana kama yangu ziko tayari kupokea baadhi yao kwa mazoezi, endapo Serikali itatuingiza kwenye mpango. Mpaka sasa mikataba ninayoisikia ni ya viwanda vikubwa tu.

Fundi cherehani,
Manzese, Dar es Salaam