Barua ya wazi kwa kamati za mahafali: wimbo una umri wake

Wanangu walimu wa shule za awali na msingi, nanyi wazazi mliochaguliwa kwenye kamati za mahafali,

Assalaam alaykum, na Tumsifu Yesu Kristo.

Msimu umeingia. Darasa la saba wakishamaliza mtihani wao, watoto wa awali nao hufuata na majoho yao madogo, na kila Jumamosi huku kwetu Temeke hukosi turubai na spika. Nawaandikia kabla hamjampa dijei advansi, kwa sababu muziki ukishafunguliwa hakuna anayemsikiliza bibi.

Katika mahafali mojawapo niliyoalikwa, mtoto wa kike wa darasa la pili aliitwa katikati. Ikawekwa singeli iliyokuwa inapigwa kila kona. Mtoto akainama, akashika magoti, akakata mauno kama alivyoona kwenye simu. Vigelegele. Wanaume wawili watu wazima wakainuka kwenda kumtunza, mmoja akambandika noti ya elfu mbili kwenye paji la uso, huku mama mtu anarekodi. Mtoto alipoihisi ile noti akazidisha. Maneno ya wimbo hayajui. Alichoondoka nacho siku ile ni kwamba kiuno chake kinaleta hela na makofi, na waliomfundisha ni sisi tuliokaa kwenye viti vya plastiki.

Mambo haya yakitokea, wengi wetu tunaitazama serikali. Imefanya yake. Novemba 2018 BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, iliufungia wimbo Mwanza wa Rayvanny na Diamond Platnumz, na mwezi uliofuata wasanii wenyewe wakazuiwa kutumbuiza, kabla ya kufunguliwa Januari 2019. Mwaka huohuo wa 2019 kule Kenya, Ezekiel Mutua, aliyekuwa akiongoza bodi ya filamu, alitaka nyimbo za Wamlambez na Tetema ziishie klabu na baa. Siyapingi hayo. Lakini baraza halitakuwepo uwanjani kwenu Jumamosi, na orodha ya nyimbo zilizofungiwa haiwezi kuwa kipimo chenu. Kumbukeni Machi 2017: Nay wa Mitego alikamatwa na wimbo wake Wapo ukafungiwa kwa sababu ya siasa, kisha Rais Magufuli mwenyewe akaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Wimbo unaweza kufungiwa bila kuwa na uchafu, na mchafu ukapita bila kuguswa na mtu.

Mimi nimekuwa somo, yaani mwalimu wa unyago, wa mabinti wengi, kwa hiyo naomba mnielewe vizuri. Nyimbo za unyago zina maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarab, lakini Zanzibar alijulikana pia kama mwalimu wa wari, mwenye ngoma yake ya unyago. Mambo ya mwili yaliimbwa waziwazi, hayakufichwa. Ila yaliimbwa ndani, kwa mwari aliyekwisha vunja ungo, wanaume wako mbali, na palikuwa na mtu mzima wa kumweleza kila neno lina maana gani na lina wajibu gani. Mtoto mdogo akisogea mlangoni alifukuzwa. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema vijana hawa wa Bongo Fleva ndio walioleta matusi nchini. Wanaimba ya watu wazima kwa ajili ya watu wazima, na wana haki hiyo. Anayeutoa wimbo chumbani na kuuweka mbele ya watoto wa chekechea ni mwenye kushika flashi.

Basi mnapochagua, kaeni muusikilize wimbo wote, tangu mwanzo hadi mwisho, si kiitikio peke yake. Mkimaliza, tazameni video yake mkiwa mmezima sauti, maana mtoto huiga anachokiona kabla ya anachokisikia. Ile herufi E kwenye programu za muziki, inayoonya kwamba wimbo una maneno makali, msiitegemee. Huwekwa na upande wa wenye wimbo wenyewe, na lugha yetu ni ya mafumbo, ambayo hayakamatwi kwa herufi.

Na mafumbo yenyewe siyaogopi sana. Tulikua tukiimba taarab za mama zetu jikoni bila kujua zinamsema nani, na fumbo lilitukinga hadi tulipokua. Wala wimbo wa mapenzi wa kawaida haumharibu mtoto wa darasa la saba. Anayeukataa kwa sababu tu umetaja mpenzi anajisumbua. Ninaoogopa ni ule usio na tusi hata moja, halafu unamcheka kijana kwa kuwa hana gari, unamsifu binti kwa kumchuna mzee, unamdhihaki mwenye ngozi nyeusi. Huo kamati huupitisha haraka kwa kuwa ni “msafi”, na watoto wanaubeba hadi darasani kutaniana nao. Mtoto mweusi wa darasa la tatu anaulipia mwaka mzima.

Najua mtaniuliza mbona sindimba, ngoma ya Wamakonde, nayo ina mauno. Kikundi cha shule kikicheza sindimba, watoto wamejipanga pamoja, wamefundishwa hatua, na ngoma inawatawala wote. Hakuna anayetolewa peke yake ili wanaume wamkodolee macho na kumbandika noti. Iacheni ichezwe.

Mwaka huu nawaomba hivi. Nyimbo zichaguliwe wiki moja kabla, zitiwe kwenye flashi ya shule, na dijei aambiwe wazi kwamba hapokei maombi kutoka mezani. Katika wanaochagua awepo kijana mmoja, maana maneno ya mtaani sisi wazee yanatupita. Kutunza mtoto mmojammoja kukomeshwe. Wekeni boksi mlangoni, zawadi iwe ya darasa zima. Na mtoto akianza mwenyewe kukata mauno asichapwe wala asiaibishwe kwenye maiki. Badilisheni wimbo, mwalimu aingie acheze nao.

Kamati itakayokosa mtu wa kuzisikiliza nyimbo iniletee mimi. Alasiri nipo nyumbani, na mjukuu wangu wa chuo atakuwepo kunifafanulia.

Bibi yenu,
Temeke, Dar es Salaam