Ukaguzi wa meno shuleni utazame pia namna mtoto anavyouma

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na walimu wenzangu na wazazi. Watoto wakikaguliwa meno shuleni kwetu, kinachotafutwa ni meno yaliyotoboka. Asiye na tundu anaambiwa yuko salama, anarudi darasani. Haambiwi aume meno ionekane kama ya juu yamefunika ya chini.

Binti yangu, ambaye sasa ana miaka 21, alipita kwenye ukaguzi wa namna hiyo. Taya lake la juu lilikuwa jembamba, magego ya juu yakawa yanaangukia ndani ya yale ya chini, naye akitafuna kidevu kinakwenda upande. Ndugu wakasema akikua yatajipanga.

Hayakujipanga, na daktari alitueleza sababu. Mfupa wa kaakaa ni vipande viwili vinavyokutana katikati. Utotoni maungio hayo hayajakaza, kwa hiyo kifaa cha kupanua kinachoshikizwa kwenye magego kinatosha kuvitenganisha. Ukubwani yamekaza. Ukilazimisha kifaa hichohicho, magego ndiyo yanayolalia nje na fizi zake kuachia, mfupa ukibaki palepale. Ndiyo maana binti yangu alichomwa ganzi, akafungwa skrubu nne za titani, nyembamba, zikapita kwenye nyama ya kaakaa hadi mfupani, na kifaa kikashikiliwa nazo.

Kukizungusha kifaa hicho ili kipanuke ilikuwa kazi yangu. Yeye analala chali, mimi namulika kwa simu, kifunguo nimekifunga uzi asije akakimeza, nakichomeka na kukisukuma kuelekea kooni. Kila msukumo mmoja unafungua karibu robo milimita tu, naye alikuwa anasikia mbano hadi kwenye mzizi wa pua. Kisha mwanya ukatokea kati ya meno mawili ya mbele, majirani wakaanza kumsifia! Sisi tulikuwa tunausubiri kwa hamu kwa sababu nyingine: ni dalili kwamba mfupa umeachana. Sasa kifaa kimeachwa miezi kadhaa mfupa mpya ujaze, ndipo vifuate vyuma vya kupanga meno.

Namshukuru Mungu njia hii ipo. Ila si kila mtu mzima kaakaa lake hukubali, wengine huishia kupasuliwa, na sisi tumelipa kwa mkopo ambao bado unakatwa kwenye mshahara wangu.

Mtoto wa miaka 7 kwa kawaida ameshaota magego ya kwanza ya kudumu, kwa hiyo namna anavyouma inaweza kutazamwa mapema. Naziomba wizara za Afya na Elimu ziingize jambo hili kwenye ukaguzi wa shule za msingi, na wanafunzi wa udaktari wa meno pale Muhimbili washirikishwe. Kinachotakiwa ni tochi na kijiti cha kuvutia shavu, mtoto aume, atazamwe pembeni kulia na kushoto. Atakayeonekana na tatizo apewe barua ampelekee mzazi, kama tunavyofanya kwa wenye matatizo ya macho.

Mwalimu na mzazi,
Tabata, Dar es Salaam