Kaka, mpira wa kompresa uachie matairi

Shikamoo kaka. Simu hupokei, na ujumbe unausoma kisha unanyamaza. Basi naandika hapa, na shemeji akiisoma mapema kuliko wewe, sawa tu.

Siku ya yale makabati haijanitoka. Ulimaliza kupiga msasa, ukavuta mpira wa kompresa, ukajipuliza kuanzia kola hadi viatu. Halafu ukamwita yule kijana ukampuliza na yeye, mnacheka, vumbi la mbao limetanda hadi taa haionekani vizuri. Nikakufokea mbele ya mafundi wako. Hilo hujanisamehe. Mimi la yule kijana sijalisamehe.

Ulinijibu kwamba mbao ni mti tu, haina sumu. Kaka, Uingereza kuna mji unaitwa High Wycombe, mji wa watengeneza viti. Miaka ya 1960 madaktari waligundua kuwa mafundi wa fanicha wa eneo lile wanapata saratani ya pua na sinasi (vijishimo vya hewa ndani ya mifupa ya uso), ugonjwa ambao kwa watu wengine ni nadra mno. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani likaliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza: vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, bila shaka. Mbao ngumu ndizo mbaya zaidi. Vumbi la ngozi kwa washona viatu limo humo humo.

Chembe kubwa hazifiki mapafuni, zinanasa juu puani, karibu na vijishimo vilivyo kati ya macho, na zinakaa. Ugonjwa hujitokeza baada ya miaka 20, 40, hata zaidi. Kwa hiyo ile hoja yako ya "mbona sijaumwa" haina uzito.

Anza na mashine, si barakoa. Unganisha mpira wa kuvuta vumbi kwenye mashine ya msasa, uwashe kabla ya kuanza kazi, na mfuko uumwage kabla haujajaa, maana ukijaa mvuto unakufa. Najua uliuchomoa kwa sababu "unasumbua mkono". Ufagio weka kando, unarudisha hewani vumbi lililokwisha kutua; tumia mashine ya kufyonza yenye chujio la vumbi laini, au kitambaa kibichi. Ukikata MDF, zile mbao za nyuzi za mti zilizoshindiliwa kwa gundi, kuwa mkali zaidi: vumbi lake ni laini sana, na gundi yake ina kemikali ya formaldehidi. Uingereza kikomo cha vumbi la mbao ngumu ni miligramu 3 kwa mita moja ya ujazo ya hewa, wastani wa saa 8. Ukishaliona kwenye mwanga kama ukungu, usijidanganye kwamba uko salama.

Barakoa iwe FFP3, yaani ile ya kuchuja vumbi laini, mikanda yote miwili kichwani, na ndevu zinyolewe pale inapogusa uso. Ile ya hospitali haizibi pembeni. Ovaroli ibaki karakana, usiwapelekee watoto.

Sasa pua yako. Mafua huziba pande zote au huhamahama. Yako imeziba upande mmoja, ule ule, na unaijaza matone ya dawa. Zaidi ya wiki tatu hivyo, au damu upande huo, shavu kufa ganzi, jicho kutoa machozi, kuona kitu kimoja kama viwili, jino la juu kulegea: nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Mara nyingi huwa si saratani. Mwambie wewe ni seremala na tangu lini, usingoje akuulize. Aingize kamera ndani. Eksirei ya kawaida haitoshi.

Utasema ningekuita pembeni. Nilishakuita pembeni, ukacheka. Mtu anayempulizia mtoto wa watu vumbi la mbao usoni, unamnong'oneza nini?

Na kijana mtafutie barakoa ya saizi yake. Yako itamwachia mwanya puani, na vumbi litapita hapo hapo.