Vijana wa jumuiya yetu, kabla hamjauza kitu kingine

Tumsifu Yesu Kristo wanangu. Tangu juzi silali vizuri, nimeskia mwenzenu kauza bodaboda yake hela yote kapeleka kwa yule mhubiri anaewaambia pandeni mbegu, yani toeni hela Mungu atawarudishia zaidi, na wengine wawili mnajiandaa kufanya hivo hivo, na kila nikiuliza mnanijibu babu mbona hata Mtakatifu Antoni aliuza vyote.

Sawa, aliuza. Ila ngojeni niwaambie aliuzaje, maana hapo ndo pana maneno.

Huyu ni Antoni wa Misri, wa tarehe 17 Januari, sio yule wa Padua. Kazaliwa karibu mwaka 251, kwao walikua na uwezo, wazazi wakafariki yeye akiwa na miaka 18 au 20 hivi, wakamwachia mdogo wake wa kike na shamba la arura 300, kwa hesabu zetu kama ekari 200 za ardhi nzuri kabisa. Siku moja kaingia kanisani kakuta injili inasomwa, ukitaka kuwa mkamilifu nenda ukauze ulivyo navyo uwape maskini. Akatoka palepale. Shamba akawapa wanakijiji wenzake, vitu vya ndani akauza hela akawagawia maskini, lakini akabakiza kidogo kwa ajili ya mdogo wake. Hapo msipapite haraka wanangu. Baadae akaskia tena kanisani msisumbukie ya kesho, na ile akiba nayo akaitoa, ila yule binti hakuachwa hivi hivi, alimkabidhi kwa mabikira waaminifu aliokua anawajua, wamlee.

Kwahiyo waliopokea ni majirani na wenye njaa. Hakuna mtu alieketi mbele akapokea bahasha.

Na hakukaa bure pia. Alifanya kazi kwa mikono yake sababu aliskia asiyefanya kazi na asile, akipata ananunua mkate, kinachobaki kinaenda kwa wahitaji. Kuna habari yake moja naipenda mno, kule jangwani alikoenda kuishi peke yake na kusali moyo ulimchoka mawazo yakamzonga, akamlilia Mungu nifanyeje, akatoka nje kidogo akaona mtu kama yeye ameketi anasuka kamba, anaacha anainuka anasali, anakaa tena anasuka, anainuka tena anasali. Kumbe malaika. Akaambiwa fanya hivi utaokoka. Yani kamba na sala, basi.

Kafariki mwaka 356 ana miaka 105, na urithi wenyewe ulikua ngozi mbili za kondoo na nguo. Ngozi moja na joho alilokua analalia akasema apewe askofu Athanasi, ambae ndie aliempa lile joho likiwa jipya, na sasa lilikua limechakaa.

Mimi sikatai kutoa, toeni, hata mimi nafurahi nikiona kijana anatoa. Lakini wewe ulieuza bodaboda, mwanangu, mama yako kaja kwangu jana jioni kuomba unga. Hakukusema vibaya hata neno moja, kakaa tu kwenye mkeka anakunja kunja kanga yake. Jumapili baada ya misa ya pili nitakua kwenye benchi nje ya sakristia, nyie wawili mnaotaka kuuza njooni, na wewe njoo, tuulizane kwanza nyumbani nani anawategemea.