Barua ya wazi kwa mdogo wangu: hadithi mbili za mkono mmoja

Mdogo wangu mpendwa,

Uliponieleza kwamba mwanao alisoma hadithi mbili za mwandishi mmoja, nawe ulipomtaka azilinganishe akakujibu kuwa zote ni nzuri ila ya pili ni nzuri zaidi, nilicheka kicheko cha mtu aliyekumbuka makosa yake mwenyewe. Nakujibu hadharani kwa kuwa si wewe peke yako unayekwama hapo.

Nilipoanza kufundisha, nilikuwa nikichora ubaoni jedwali la safu mbili, nikaandika "kufanana" huku na "kutofautiana" kule, kisha nikawaambia watoto wajaze. Walijaza kweli. Mmoja aliandika kwamba kitabu cha kwanza kina mfalme na cha pili pia kina mfalme. Mwingine akaandika kwamba kimoja ni kinene kuliko kingine. Hapakuwa na uongo hata mmoja katika majibu yale, wala hapakuwa na fikra. Kosa lilikuwa langu, maana niliwapa watoto vyumba vya kujaza kabla ya kuwapa jambo la kutafuta.

Siku hizi naanza na swali moja tu, na swali lenyewe hulipata mtoto, mradi kila hadithi ameisoma peke yake kwanza, kwa raha, bila kalamu mkononi. Chukua mfano wa Shaaban Robert, ambaye naamini mtoto wa miaka 12 anamudu kumsoma akisaidiwa msamiati. *Kusadikika* ilitoka mwaka 1951 na *Adili na Nduguze* mwaka 1952, kwa hiyo tunazo kazi mbili zilizofuatana kwa karibu sana. Mwulize mtoto jambo gani lilimshangaza katika zote mbili. Wengi husema majina, na hapo ndipo pa kukaa. Katika *Adili na Nduguze*, Adili ni mwadilifu, na kati ya nduguze wawili, Hasidi ana husuda, Mwivu ana wivu. Katika *Kusadikika*, Majivuno ndiye waziri anayemshtaki Karama. Usikubali aishie kusema kwamba majina yana maana. Mwulize: mtu anayeitwa Majivuno anapoingia katika hadithi, msomaji anajua nini kabla mtu huyo hajafungua kinywa, na je, kuna lolote tunalopoteza kwa kujua mapema hivyo? (Mtoto mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini ndugu wawili wapewe majina yanayokaribia kuwa na maana moja. Sikuwa na jibu la haraka, na nilifurahi kutokuwa nalo.)

Kuna mfanano mwingine uliojificha zaidi, ambao mimi naupenda kuliko ule wa majina. Weka vitabu vyote viwili wazi mezani, kimoja kando ya kingine, umwambie mtoto atafute mahali ambapo mtu anasimama mbele ya mfalme na kusimulia. Atakuta kwamba Adili anamweleza Mfalme Rai kisa cha manyani wawili anaowapiga kila usiku, ambao ni nduguze waliogeuzwa, ilhali Karama, aliyeshtakiwa kwa kufundisha uanasheria, anajitetea siku baada ya siku kwa kusimulia yaliyowapata wajumbe waliotumwa nje wakarudi kuadhibiwa. Katika vitabu vyote viwili hadithi imewekwa ndani ya hadithi, na msikilizaji wake ni mtu mwenye uwezo wa kuadhibu. Mtoto akishaliona hilo, tofauti huanza kujileta zenyewe: Adili anafichua dhuluma iliyotendeka baina ya ndugu, tena anaificha kwanza mpaka anapolazimika kuitaja, na Karama anafichua dhuluma ya nchi nzima akiwa anapigania uhai wake. Mfalme ni yuleyule kwa cheo, lakini kazi anayopewa na mwandishi si ileile.

Hiyo ndiyo sababu ya kumshikilia mwandishi mmoja. Hadithi za waandishi wawili zikitofautiana, mtoto anaweza kusema ni watu wawili, basi yameisha. Mkono ukiwa mmoja, kila tofauti inadai sababu, kwa kuwa mtu huyohuyo aliamua hivi mara ya kwanza na vile mara ya pili.

Lugha ya kulinganisha nayo inahitaji kufundishwa, ingawa haichukui muda mrefu. Mpe "ilhali", "vilevile", "bali" na "kinyume chake", kisha umtake kila anapotumia mojawapo aweke kidole kwenye ukurasa unaomthibitishia. Sentensi isiyo na ukurasa wake tunaiacha kando kwa muda.

Jihadhari na jambo moja ambalo hata watu wazima hulikosea. Mtoto akiona wafalme katika vitabu viwili, atataka kusema kwamba mwandishi aliwapenda wafalme au aliwachukia. Mrudishe taratibu kwenye maandishi: tunachokijua ni kile wafalme hao wanachofanya ndani ya hadithi, na msimulizi si lazima awe mwandishi mwenyewe.

Akishazimaliza hizo mbili, mpe ya tatu, *Kufikirika*, iliyochapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya Shaaban Robert kufariki. Kabla hajaifungua, mwoneshe jina lake kando ya *Kusadikika* na umwache ausikilize mwisho wa maneno hayo mawili. Akigundua kwamba moja ni nchi inayoweza kusadikiwa na nyingine ni nchi inayoweza kufikiriwa, usimwongezee neno. Mwambie aandike kwenye kipande cha karatasi anachotarajia kukikuta: majina ya namna gani, mfalme wa namna gani, nani atasimama mbele yake na kwa shida ipi. Karatasi hiyo aikunje, aiweke ndani ya jalada la nyuma, na asiiguse mpaka afike ukurasa wa mwisho. Utakapoifungua pamoja naye, niandikie alichokosea kubashiri, kwa maana hicho ndicho ninachotamani kukisikia.

Wako,
Kaka yako