Barua ya wazi kwa mwenyekiti wa kamati ya uchaguzi: fomu za uwakilishi zisizo na jina zisihesabiwe

Mheshimiwa mwenyekiti wa kamati ya uchaguzi ya chama chetu cha utafutaji madini cha kanda, shikamoo.

Nakuandikia hadharani ili wanachama wenzangu wasome pamoja na wewe, maana jambo hili ni la wote na likiletwa kwa barua ya pembeni najua litalala kwenye faili mpaka uchaguzi upite.

Tangazo la uchaguzi wa bodi nimelisoma lote. Nafasi zinazogombewa zipo, tarehe ya mwisho ya kurudisha fomu ipo, siku ya mkutano mkuu ipo. Sasa hiyo siku ndo imenifanya niandike, kwa sababu imeangukia katikati ya msimu wa uchorongaji, yaani kutoboa mashimo ardhini ili kupima mwamba, kipindi ambacho mjiolojia yuko porini, mchorongaji yuko porini, mpishi wa kempu yuko porini, fundi wa vipimo vya kijiofizikia yuko porini, na atakayeweza kufika ukumbini ni yule ambaye kazi yake iko ofisini mwaka mzima. Wengine wote tunaambiwa tusaini fomu ya uwakilishi na mambo yataenda. Na kweli yanaenda, ila kwa upande mmoja tu, kwa sababu ukijumlisha zile fomu zinazidi mbali idadi ya watu waliokaa kwenye viti, kwa hiyo bodi inachaguliwa na fomu.

Nikueleze fomu inavyotembea huko kempu, maana nahisi mkiwa ofisini hamuioni safari yake. Asubuhi kabla shifti haijaanza kunakuwa na kikao kifupi cha usalama, watu wamesimama na helmeti kichwani na chai mkononi, mnaambiwa leo helikopta inaleta mafuta kwa hiyo msisogelee pale inapotua, mashine ya pili imebadilishwa waya wa winchi, nani hajavaa buti. Halafu inapita karatasi ya kusaini kwamba umehudhuria kikao. Chini ya hiyo karatasi, kwenye klipu hiyo hiyo, kuna fomu ya uwakilishi. Saini hapa na hapa pia, twende kazini. Pale panapotakiwa jina la mtu unayemtuma ni patupu, sehemu ya kusema unamtaka mgombea yupi haipo kabisa, na chini kwa herufi ndogo ndogo wameandika kwamba jina likiachwa wazi mwenyekiti wa mkutano atapiga kura kwa niaba ya mwanachama. Msimamizi wa saiti anazikusanya, zinapanda ndege pamoja na mifuko ya sampuli, na zikishashuka huko hakuna kati yetu anayejua zimepita mikono ya nani.

Simlaumu msimamizi, kapewa karatasi azisainishe na kazisainisha. Ila fikiria na wewe, kijana ana mkataba wa msimu mmoja, anayemletea fomu ndo atakayeamua kama msimu ujao ataitwa tena, je huyo kijana atasema hapana nataka kwanza kujua wagombea ni akina nani? Hawezi, na hatuna haki ya kumtegemea awe shujaa wakati kanuni ndo ilitakiwa imlinde.

Mwenyekiti, wewe ni mtu wa fani, unajua tunavyohangaika na sampuli. Mwamba ukitoka shimoni unapangwa kwenye trei, unapigwa picha, unaandikwa mita kwa mita, unapasuliwa katikati kwa msumeno, nusu inaenda maabara na nusu inabaki kwenye trei ili mwingine akitilia shaka aje apime mwenyewe. Mfuko unafungwa kwa lakiri yenye namba, anayekabidhi anasaini na anayepokea anasaini. Katikati ya mifuko tunachomeka sampuli tupu ambayo tunajua haina kitu, na nyingine ya kiwango ambayo jibu lake tunalo tayari, ili maabara ikiteleza tuikamate. Hayo yote ni kwa ajili ya kilo chache za mawe. Kura ya kuamua nani atakaa mezani na serikali kujadili masharti ya leseni zetu haina lakiri, haina namba, haina sahihi ya aliyeipokea.

Na huo ukali wa sampuli haukuja bure, watu waliumia kwanza. Wakongwe wa kazi wanaikumbuka Bre-X, kampuni ya Kanada iliyotangaza dhahabu ya ajabu kule Busang, Indonesia, hisa zikapaa mpaka kampuni nzima ikathaminiwa dola za Kanada bilioni 6 hivi, kumbe sampuli zilikuwa zinachanganywa na dhahabu ya kutoka kwingine kabla hazijafika maabara. Pale Busang mwamba ulikuwa unasagwa wote, hawakubakiza ile nusu, kwa hiyo hata mtu mwenye mashaka hakuwa na cha kupima upya. Mwaka 1997 wachunguzi wa nje walipochoronga mashimo yao wenyewe karibu na yale ya mwanzo hawakukuta dhahabu ya maana, na hasara ikawafikia mpaka wastaafu kupitia mifuko yao ya pensheni. Ndo Kanada ikaja na kanuni ya NI 43-101, iliyoanza kutumika 2001, inayotaka ripoti ya madini isimamiwe na mtaalamu mwenye sifa anayejulikana kwa jina na anayebeba jukumu. Kwa jina, mwenyekiti. Sasa sisi ambao hatuwezi kukubali ripoti isiyo na jina la aliyeisaini, inakuwaje tunakubali kura isiyo na jina la aliyetumwa kuipiga?

Ombi langu kubwa ni hilo moja, kamati yako itangaze kabla ya zoezi kuanza kwamba fomu ya uwakilishi isiyo na jina la mwakilishi haihesabiwi kwenye kura ya bodi. Na sikuombi uvunje katiba. Katiba yetu inasema mwanachama asiyeweza kufika anaweza kumteua mwanachama mwingine amwakilishe, basi, fomu ambayo haina jina haijamteua mtu yeyote. Yale maandishi madogo ya kwamba mwenyekiti wa mkutano ataichukua hayapo kwenye katiba, yaliingizwa kwenye fomu tu, na fomu inatengenezwa na sekretarieti, na sekretarieti inaripoti kwa bodi ile ile inayotaka kurudi madarakani. Sijui kama kuna anayeweza kulitetea hilo mbele ya wanachama akiwa amesimama.

Najua hoja mtakayoletewa, kwamba tukikataa hizo fomu akidi haitatimia na mkutano utavunjika. Ni hoja ya haki na lazima ijibiwe. Jibu ni kutenganisha mambo mawili yaliyofungwa kwenye kamba moja, yaani fomu tupu ihesabike kwenye akidi, kwamba mwanachama huyu ana taarifa ya mkutano na amekubali ufanyike bila yeye, lakini ikifika kwenye kuchagua watu iwekwe pembeni. Mkutano utafanyika, hesabu za fedha zitapitishwa, mkaguzi atateuliwa, na bodi itachaguliwa na watu waliosema wanamtaka nani.

Na wale walioko porini wapewe njia ya kupiga kura wenyewe. Siku hizi kempu nyingi zina intaneti ya setilaiti, tunatuma data za shimo kila jioni, mtu anaongea na familia yake kwa video, itashindikanaje kubonyeza jina la mgombea? Kura ifunguliwe siku kadhaa kabla ya mkutano ili shifti ya mchana na ya usiku wote wapate muda, kila mwanachama hai atumiwe namba yake ya siri kwenye imeili yake au simu yake mwenyewe na isipitie kwa mwajiri, na hesabu ifanywe na watu wa nje ambao hawana leseni wala mkataba na mgombea yeyote. Kempu isiyo na mtandao ipelekewe karatasi ya kura yenye majina ya wagombea ndani ya bahasha inayofungwa. Tuna uzoefu wa kusafirisha vitu vilivyofungwa lakiri kuliko chama chochote kile, hapo hatuhitaji kufundishwa.

Kuna mtu aliniuliza kwa nini najisumbua, bodi si wanakutana tu na kunywa maji ya chupa. Hapana. Bodi ndo inayoandika maoni ya chama pale serikali inapotaka kubadili ada za leseni, kiwango cha chini cha kazi unachotakiwa kufanya kila mwaka ili usinyang'anywe eneo, na muda wa kulishikilia. Kwenye hayo maslahi yetu hayafanani hata kidogo. Mwenye eneo kubwa anataka kiwango cha kazi kiwe kidogo ili alishikilie hata asipolifanyia kitu, mtafutaji binafsi anataka maeneo yaliyolala yaachiwe ili na yeye aingie, na mchorongaji anataka kazi ifanyike ili mashine yake izunguke. Mambo yakiwa mazuri tofauti hizi hazionekani. Lakini bajeti za utafutaji duniani zilifika kilele 2012 halafu zikashuka miaka minne mfululizo mpaka 2016, na kipindi cha namna ile ndo unajua bodi ni ya nani, kwa sababu nafuu itakayoombwa serikalini itakuwa ya yule mwenye kiti.

Kingine ni mahusiano na wenye ardhi. Anayebisha hodi mara ya kwanza kwa wanavijiji ni timu ya utafiti, sio mkurugenzi, na timu hiyo ndo inajua wapi pana makaburi, wapi pana chanzo cha maji, nani hakuulizwa. Mwaka 2020 kule Juukan Gorge, Australia, kampuni ya madini ya Rio Tinto ililipua mapango yenye ushahidi wa watu kuishi humo zaidi ya miaka 46,000, na mwaka huo huo ikatangazwa kwamba mtendaji mkuu anaondoka. Taarifa za umuhimu wa mapango yale kampuni ilikuwa nazo, ila hazikuwafikia wenye maamuzi kwa wakati au hazikupewa uzito. Mi nataka mtu aliyewahi kukaa chini ya mti akasikiliza wazee wa eneo awe na kura kwenye bodi yetu, na hatafika huko kama kura yake mwenyewe inapigwa na mtu mwingine.

La mwisho ni dogo kwa kulitekeleza. Wagombea waandike wazi leseni wanazomiliki, kampuni wanazoziongoza, hisa walizonazo kwenye kampuni za utafutaji ndani ya kanda na kandarasi walizonazo na chama chenyewe. Kanuni za JORC za kuandika ripoti za madini, zilizotoka Australia 1989 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo zinamtaka mtaalamu aeleze uhusiano wake na kampuni anayoiandikia, ikiwemo chochote ambacho mwekezaji anaweza kukiona ni mgongano wa maslahi. Wagombea wetu karibu wote wameshasaini ripoti za namna hiyo, kwa hiyo wanajua jinsi ya kujieleza. Sasa hivi tunaletewa picha na aya mbili za sifa, na humo ndani leseni hazitajwi.

Mwenyekiti, muda upo. Fomu za wagombea bado zinapokelewa na zile za uwakilishi hazijaanza kusambazwa, kwa hiyo kubadilisha fomu moja ni kazi ya mchana mmoja na kikao kimoja cha kamati yako. Naomba jibu la maandishi kabla dirisha la wagombea halijafungwa, libandikwe palepale lilipobandikwa tangazo la uchaguzi, na kama kamati itakataa basi itaje kifungu cha katiba kinachoruhusu fomu isiyo na jina kupiga kura, ili tunaotaka kukata rufaa tujue tunakatia wapi.

Wako katika kazi,
Mwanachama hai, kundi la watafutaji binafsi