Barua kwa Mama, kutoka Minneapolis

Shikamoo mama,

Nimeamua kuandika kwa sababu nikikutumia sauti kwenye simu, Baba Mdogo anaifungulia spika uani na Barabara ya 12 nzima inasikia. Hii akusomee Zuhura, mlango umefungwa.

Ujumbe wa Baba Mdogo nimeupata. Anataka milioni mbili, halafu fremu ya baba, ile studio yake ya picha, apangishwe wakala wa pesa za simu. Mwisho kaongeza: "Kama kweli unapiga picha huko, mbona hatuzioni?" Neno hilo limenichoma kuliko hizo milioni mbili.

Haya, nikwambie ukweli. Picha yangu ya kwanza kulipwa, kiangazi kilichopita, ilikuwa ya nguruwe. Usicheke. Hapo St. Paul, ng'ambo ya mto, kuna timu ya besiboli inaitwa Saints, yaani Watakatifu, na desturi yao tangu miaka ya 1990 ni nguruwe kumpelekea mwamuzi mipira. Nimelala kifudifudi kwenye nyasi, mnyama ananijia mbio, pua imelowa, ananusa lenzi. Nilipiga za wachezaji pia, tena kwa jasho, lakini mhariri alichukua hiyo moja tu. Sasa ningeiwekaje kwenye grupu la ukoo na Ustadhi yumo?

Lakini mwezi wa nne nimeingia ligi kuu, mama! Tarehe 15 Aprili, uwanja wa Target Field, hapa hapa Minneapolis. Siku hiyo mwaka 1947 Jackie Robinson alianza kuichezea timu ya Brooklyn Dodgers, baada ya weusi kufungiwa mlango wa ligi kuu miaka zaidi ya 50. Ndiyo maana kila mwaka tarehe hiyo wachezaji wote wanavaa namba yake, 42. Jambo la heshima, ila sisi wapiga picha tunamtambua mchezaji kwa namba, na kila picha lazima iandikwe jina. Nikawa naandika kwenye kiganja kama mwanafunzi anayeibia mtihani: ndevu nyekundu, soksi ndefu, anayetafuna. Wino ukafutika kwenye glavu.

Baridi sitaisimulia.

Mpira unarushwa kutoka mita 18 na kitu, unafika kwa mpigaji chini ya nusu sekunde. Ukiuona kwenye kioo umeshachelewa, kwa hiyo unafyatua mkono wa mrushaji ukiwa bado nyuma ya sikio. Hilo nililiweza. Nikampata mkimbiaji akijitupa kwenye kituo cha pili, udongo umeruka hadi kidevuni, 42 inasomeka. Nikafurahi, nikainama kuitazama kwenye kamera. Nikasikia uwanja mzima umelipuka. Kuinua kichwa, mpira uko majukwaani kwa mashabiki na mpigaji anazunguka vituo taratibu kama bwana harusi. Mzee aliyekuwa pembeni yangu, wa siku nyingi kwenye kazi hii, hakusema kitu. Alinitazama tu, kama baba alivyonitazama siku ile nilipofungua mlango wa chumba cha giza cha kusafishia filamu.

Nilipiga picha 1,900 siku hiyo, mama. Baba kwa filamu moja ya picha 36 alimaliza harusi nzima, na zilizobaki akapigia watu paspoti.

Natuma laki tatu na nusu: bati la jikoni na dawa zako za presha. Za Baba Mdogo sina, na ile lenzi aliyoiona pichani ni ya kukodi, mwambie. Wakala kama lazima aje, aweke meza barazani. Ndani pasiguswe, na lile pazia la kupigia picha, la minazi na jahazi, lisikunjwe, rangi itapasuka. Nitakuja nipige picha mbele yake.

Kwenye bahasha kuna picha ya yule mkimbiaji. Itundike sebuleni, mahali Baba Mdogo anapokaa akija kunywa chai. Ile nyingine, iliyofungwa kwenye gazeti, ni ya Zuhura peke yake.

Mwanao,
Idi